Njia ya Pijo, Kisumu hadi Mpakani

Simama Bumala asubuhi ya siku ya soko, pale barabara ya Kisumu inapokutana na zile za Port Victoria na Butula, utaona Probox zikipishana bila kukoma. Nyingi ni nyeupe, nyingine za rangi ya fedha, buti zimefungwa kwa kamba kwa sababu ya mikungu ya ndizi na magunia ya omena. Dereva amekaa upande, kiti chake amegawana na abiria. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaweza kudhani kwamba usafiri wa mpakani umekuwa hivi tangu zamani. La hasha. Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa ya gari jingine, refu, pana, lenye simba mbele, Peugeot, ambalo watu wa magharibi mwa Kenya waliliita Pijo. Nimeifuata njia hiyo kutoka Kisumu hadi Busia, kisha Malaba, nikitafuta kilichobaki. Naamini historia ya mpaka huu haikamiliki kwa kutaja marais, askari na maofisa wa forodha, halafu gari lililowabeba wananchi likaachwa nje.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko gari. Hadi 1902 eneo hili lote la magharibi lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa upande wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi, na Wasamia na Wateso wakabaki na ndugu huku na huku. Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901. Ile nyingine, ya kupitia Eldoret, ilivuka Malaba na kuingia Kampala 1931. Treni ilifaa pamba na kahawa. Mama mwenye kuku wawili na mtoto mgongoni alihitaji chombo kinachosimama popote anapopunga mkono.

Enzi za ukoloni, miaka ya 1920 na 1930, gari la kutegemewa katika barabara za udongo za Kenya na Uganda lilikuwa la Kimarekani. Ford na Chevrolet zilikuwa juu, ngumu na rahisi kutengeneza. Wengi walinunua fremu na injini tu, mafundi wa hapa wakaziundia bodi ya mbao, zikaitwa boksibodi. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walishika njia yao. Kila toleo jipya lilizidi urefu na upana, na likazidi kushuka chini. Chevrolet Impala ilipotoka 1958 ilikuwa imepita mita tano kwa urefu. Ilikuwa gari la lami iliyonyooka na petroli ya bei ya chini, na barabara ya kwenda Busia wakati wa masika haikuwa na kimoja kati ya hivyo. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta Mercury Comet kadhaa kutoka Marekani kushindana katika Safari Rally. Aliyeshinda ni Peter Hughes, akiwa na Billy Young, ndani ya Ford Cortina, gari dogo la Uingereza. Kwa watu waliokuwa wakitafuta gari la kazi, hilo lilikuwa jibu la kutosha kuhusu magari makubwa ya Marekani.

Wafaransa walikuwa wameshapata jibu lao. Peugeot 403 ilitoka 1955, na Mei 1960 ikafuatwa na 404, iliyochorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Injini yake ya lita 1.6 ililazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Saluni yake ilikuwa nzuri, ila iliyotuhusu sisi ni stesheni wagoni. Peugeot hawakuchukua saluni na kuibandika buti kubwa tu. Waliongeza umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukafika mita 2.84, karibu sentimita 20 zaidi ya saluni, wakaweka safu tatu za viti zote zikitazama mbele. Aliyeketi nyuma kabisa alikuwa abiria kamili, si mzigo.

Sifa ya gari hili haikuletwa na matangazo. Ililetwa na redio wakati wa Pasaka. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara zilezile walizotumia wananchi, na matope yaleyale. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba. Ya kwanza kati ya hayo saba ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda kwa 404 mwaka 1966, wakarudia 1967. Mwaka uliofuata Nowicki na Cliff walishinda tena, na mara hiyo pia waliomaliza walikuwa saba tu. Mtu anayetaka kununua gari la kupeleka watu Busia hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwangu mimi, ushindi huo ulifanya kazi kubwa kuliko duka lolote la magari Nairobi.

Ubora wenyewe lakini uko ndani, na lazima uushike kwa mkono ndipo uelewe. Busia, upande wa barabara ya kwenda Alupe, nilimkuta fundi ambaye kila mtu gerejini humwita mzee. Bado ameweka slivu nne za Pijo ndani ya kopo la dizeli zisishike kutu. Alinishikisha moja. Ni bomba zito la chuma cha kalibu, ndani laini kabisa, nje lina mstari wa kahawia mahali maji ya kupoza injini yalipokuwa yakiligusa. Katika injini nyingi silinda ni tundu lililochongwa ndani ya bloku. Likilika, bloku nzima inapelekwa mjini kwenye mashine. Ndani ya Pijo silinda ni slivu hiyo inayochomoka. Unavuta ya zamani, unaingiza mpya pamoja na pistoni yake na ringi zake, unafunga. Kilichohitaji uangalifu ni mpira na karatasi za chini ya slivu. Ukikosea hapo maji yanapenya na oili inageuka kuwa uji wa maziwa.

“Kijana wangu,” aliniambia, “hii injini tuliishusha chini ya mwembe Jumamosi, na Jumatatu gari limelala Kisumu.”

Akanionyesha na fimbo ya chuma ya kuwashia, ile inayopita tundu la bampa la mbele. Betri ikifa Sega au Ugunja, dereva alishuka, akazungusha mara mbili tatu, safari ikaendelea. Gea ilikuwa kwenye shingo ya usukani, kwa hiyo katikati ya dereva na abiria wa mbele hapakuwa na kizuizi, na hapo pakapatikana nafasi ya mtu mwingine. Wahandisi wa Peugeot kule Sochaux hawakulifikiria hilo. Makondakta wa Kisumu walilifikiria.

Peugeot 504 ilitoka Septemba 1968, nayo ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Stesheni wagoni yake ilikuwa ndefu zaidi, mita 2.90 kati ya magurudumu, na chini kwa nyuma ilikaa juu ya ekseli nzima yenye springi za koili. Springi hizo zilikuwa na mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, hivyo gari likiwa limejaa halikugonga chini, lilizama kidogo tu na kuendelea. Safari Rally ikalijua pia: Ove Andersson na Arne Hertz walishinda kwa 504 mwaka 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Magari haya yaliunganishwa hapa kwetu, Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Takriban 504 elfu 27 ziliunganishwa Kenya. Serikali ilizinunua, na stesheni wagoni yenye namba za GK ikawa gari la mkuu wa idara na la ofisa wa kilimo. Zilipochakaa, nyingi ziliingia kazi ya abiria.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kufanya kazi bila leseni za usafirishaji ambazo mabasi yalitakiwa kuwa nazo, na milango ikafunguka kwa kila mwenye gari. Ila Pijo hazikuwa matatu za kawaida machoni pa watu. Basi lilikuwa la bei nafuu, lilijaa magodoro na mbuzi, na lilifika lilipofika. Pijo nauli yake ilikuwa juu na haikusimama kila mti. Mwalimu aliyeitwa Nairobi na tume ya walimu, mfanyabiashara wa vitenge, karani anayerudi nyumbani na mshahara, mama aliyejifungua hospitali kubwa, hawa ndio waliokaa humo. Kisheria ni abiria saba. Ijumaa jioni hesabu ilikuwa nyingine, na walioketi nyuma kabisa walijua kuwa atakayeshuka kwanza ataamsha gari zima.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Sega na Bumala hadi Busia, zaidi ya kilomita 100. Ya pili ilitoka Nairobi kupitia Nakuru, Eldoret, Webuye na Bungoma hadi Malaba, zaidi ya kilomita 400. Zote mbili ziliishia mpakani. Pijo ilisimama, abiria wakashuka na mizigo, na hapo walipokelewa na vijana wa baiskeli zenye mto wa sponji kwenye keria, waliowavusha hadi upande wa pili. Usafiri wa bodaboda, ambao leo umejaa Afrika Mashariki nzima, ulianzia kwenye mpaka huu. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanakumbuka kwamba abiria wa baiskeli hizo walikuwa wametoka mbali, na wengi waliletwa na Pijo.

Miaka ya Idi Amin ndiyo iliyoipa njia hii uzito wake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, na hasa baada ya Waasia kufukuzwa Uganda 1972, maduka ya upande wa pili yalianza kukauka. Sabuni, chumvi na sukari vilikuwa vya kutafutwa. Waganda waliokimbia, wakiwemo wahadhiri na madaktari, walivukia hapa. Februari 1976 Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, na watu wa Busia waliokuwa wamelala Kenya waliamka wakijiuliza watalala wapi kesho. Mwaka huohuo bei ya kahawa duniani ilipanda kupita kiasi kwa sababu baridi kali ya Julai 1975 iliharibu mibuni ya Brazil. Kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka kwa magendo, na soko la Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, likapata jina ambalo wazee wa Bungoma hulitaja hadi leo. Nimewasikia wazee wa Malaba wakiieleza miaka hiyo kwa kutumia magari: nani alinunua 404, nani 504, nani alijenga nyumba ya mabati mapya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na waliokuwa raia wa jumuiya moja wakawa wageni kwa ndugu zao. Pijo ziliendelea kushusha watu palepale.

Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi Busia kwa siku kadhaa na mpaka ukafungwa. Risasi ziliponyamaza, biashara ilirudi, kwa kuwa mpaka huu haujui kukaa kimya.

Kuna kazi moja ya Pijo ambayo sitaki ipite haraka. Huku kwetu mtu huzikwa kwao. Aliyefia Nairobi au Mombasa lazima arudishwe, na kabla ya magari maalumu ya mazishi kuzoeleka, familia nyingi zilikodi Pijo. Jeneza lilifungwa juu ya keria kwa kamba za katani, kipande cha kitambaa chekundu kikapeperushwa mbele, na ndani wakaketi mjane, watoto, kaka wa marehemu na rafiki mmoja wa kazini aliyetumwa na wenzake na bahasha ya mchango. Waliondoka jioni, wakapanda Mau usiku, baridi ya Timboroa ikawapiga, alfajiri wakawa Bungoma au Luanda. Mzee mmoja wa Amagoro, dereva aliyestaafu, aliniambia kwamba katika safari hizo hakuwasha redio na hakupita gari lenzake kwenye kona hata kama barabara ilikuwa wazi. Gari zuri la msiba, alisema, ni lile ambalo marehemu hasikii mashimo. Springi zile za koili nyuma zilikuwa na maana hiyo pia kwa watu wetu, na katika yote niliyoyasoma kuhusu 504 sijaona mwandishi wa magari aliyeiandika.

Baada ya 504 ilikuja 505, iliyotoka 1979. Stesheni wagoni yake ilifuata 1982, bado na safu tatu za viti na ekseli ile ngumu nyuma. Ilikuwa na nafasi zaidi na utulivu zaidi barabarani. Uundaji wake Ufaransa ulikoma 1992 na kampuni haikuleta mrithi wa aina hiyo. Wahandisi walihamia magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, mepesi, ya kifahari, yasiyojua barabara ya Port Victoria. Wamarekani nao walifika mwisho wa njia hiyohiyo muda mfupi baadaye: Chevrolet Caprice, mrithi wa ukoo wa Impala, ilikoma kuundwa 1996 pamoja na wagoni yake. Gari kubwa la familia lenye ekseli ya kazi lilikuwa likiondoka duniani kote, na sisi tulikuwa watu wa mwisho kuambiwa.

Huku nyumbani sababu zilikuwa zetu wenyewe. Mapema miaka ya 1990 masharti ya fedha za kigeni yalilegezwa na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Nissan ya abiria 14 ilibeba mara mbili ya Pijo na haikula petroli mara mbili. Spea za Pijo zikawa ghali, kisha zikawa za kuokoteza kutoka kwa gari lililokufa. Pigo la mwisho lilikuja tarehe 1 Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa njano ubavuni, na hakuna wa ziada. Kanuni zile ziliokoa maisha na ninaziunga mkono hadi leo. Ila kwa gari ambalo faida yake ilikuwa mtu wa nane na wa tisa, hesabu ilikuwa imekwisha.

Probox ilizinduliwa Japani 2002 kama gari la kampuni la kupelekea mizigo midogo. Nafasi ya nyuma ni ya makasha, na kiti cha nyuma ni chembamba. Ni gari gumu na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaopakia watu tisa katika gari la watano na kuliendesha kutoka Bumala hadi Korinda kana kwamba linafukuzwa. Waliounda Pijo walifikiria familia nzima ndani ya gari moja. Waliounda Probox walifikiria katoni. Tofauti hiyo inaonekana kila ajali inapotokea, na wanaofika kwanza kuokoa ndio wanaoijua vizuri.

Kutoka Busia nilipita Alupe, kisha Adungosi, nikaingia Malaba. Foleni ya malori ilikuwa imeanza mbali kabla ya mji. Kituo cha pamoja cha mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa na Marais Museveni na Uhuru Kenyatta Februari 2018, kimepunguza mihuri, lakini lori bado ni bwana wa mji huu. Baiskeli za mto wa sponji zimekuwa chache na pikipiki zimechukua nafasi. Nilipouliza kuhusu Pijo, kijana wa kuuza laini za simu alinielekeza nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Iko pale, 504 stesheni wagoni, bila magurudumu, imekaa juu ya matofali. Kuku hutagia kwenye kiti cha tatu. Nambari ya bamba imeng'olewa, lakini ndani ya mlango wa dereva bado kuna kibandiko cha bima kilichofifia, na gea iko palepale kwenye shingo ya usukani. Niliivuta. Iliingia ya kwanza bila kukwaruza. Mwenye gari aliniambia kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu wameshakuja mara kadhaa na kwamba bei yao hupanda kila wanaporudi.

Serikali iliisimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya za umeme, ikairuhusu tena Mei mwaka huo. Sheria za vyuma chakavu zinalinda nguzo na transfoma. Hakuna inayolinda gari kuukuu la abiria, na silaumu mtu mwenye karo ya kulipa akiuza chuma kilicholala uani. Lakini Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma zima la Kijaluo ili watoto waone babu zao walivyoishi. Babu hao walisafiri pia. Kaunti ya Busia ina uwezo wa kununua gari moja, kulipaka rangi na kuliweka mahali ambapo mwanafunzi wa Nambale au Amukura anaweza kuketi kwenye safu ya tatu. Madereva walioijua njia hii wakati wa Amin wanazidi kupungua, na hakuna aliyekwenda kuwahoji na kinasa sauti. Basi wewe mwenye Pijo uani kwako, Malaba, Busia, Sega au Bumala, ukimwona mwenye mizani amefika, mwambie asubiri. Kwanza ipigie simu ofisi ya utamaduni ya kaunti yako, na wasipopokea, nenda mwenyewe ukawaone.